Mzazi yuko Dar, nyie mko Lindi, na masika imeshika

Kama una dada au binti anayetarajia kujifungua Dar mwezi wa nne au wa tano, na mama yenu ndo wa kwenda kumlea, msafirishe mama mapema. Msisubiri simu ya "amejifungua". Mi nlisubiri.

Ilikuwa Mei 2024, kipindi cha kimbunga Hidaya. Mamlaka ya Hali ya Hewa walitangaza siku kadhaa kabla lakini ukweli huku kusini watu tulishakuwa wagumu kuamini, maana Aprili 2019 tuliambiwa kimbunga Kenneth kinakuja, watu wakahamishwa, shule zikafungwa, afu kikaenda kutua Msumbiji. Mama yangu peke yake ndo alikuwa na wasiwasi, yeye amekua akisimuliwa kile kilichopiga Lindi mwaka 1952.

Basi Ijumaa simu ikaja, dada kapata mtoto wa kike, vigelegele, mama akaanza kufunga mizigo hapo hapo, korosho, samaki wakavu, pilipili manga ya uji, na ming'oko (mizizi ya porini kama viazi) iliyochemshwa eti mzazi kaitamani. Jumamosi tarehe 4 tukasikia kimbunga kimefifia kule Mafia. Tukasema kimeisha, twende.

Hapo ndo tulipokosea. Upepo ukiisha maji hayajaisha bado, yanashuka kutoka bara kupitia mito na makorongo, na barabara yetu ya kwenda Dar inayakatiza yote. Jumapili asubuhi tumepanda basi, kufika Nangurukuru konda anatuambia mbele huko Somanga barabara imekatika. Tukakaa. Tukalala kwenye siti. Nauli hawakurudisha, wakala alituambia hiyo ni kazi ya Mungu (kukata tiketi Jumamosi usiku haikuwa kazi ya Mungu hiyo), na ming'oko ikachacha, mama akaimwaga kwa uchungu kama kamwaga dhahabu.

Kilichotuumiza zaidi ni simu. Yangu ilizima jioni, ya mama ni kitochi haina WhatsApp, na kule kwenye grupu la familia mjomba karusha picha ya basi limesombwa na maji, picha ya zamani wala si ya huku, dada yuko kitandani na mtoto wa siku mbili anaiona. Presha ikampanda. Siku ile ndo nlipoweka sheria nyumbani: anayesafiri anampigia mtu mmoja tu, huyo ndo anawaambia wengine, na picha ya ajali hairushwi grupuni mpaka huyo mtu athibitishe. Mjomba alinuna wiki nzima, akazoea.

Vingine nnavyofanya saivi. Kabla ya kukata tiketi napiga simu kwa mtu anayeishi njiani, sisi tuna jamaa anauza samaki Somanga, yeye anatoka nje anaangalia maji kwa macho yake, huyo namwamini kuliko wakala wa stendi. Pawabanki ijae, na hela ya taslimu uwe nayo mfukoni maana mtandao ukikata hata mtu wa chipsi hakusaidii. Dawa za mama za presha nabeba za wiki mbili hata kama safari ni ya siku moja, na zinakaa kwenye mkoba wa mkononi, sio kwenye buti.

Kuna watakaokuambia zungukeni Masasi, Tunduru, Songea mpaka Iringa. Njia ya lami ipo, ila ni zaidi ya kilomita 1,400 badala ya 450 na ushee, mama mwenye magoti mabovu usimpeleke huko. Kama familia inaweza kuchanga, ndege ya Mtwara. Kama haiwezi, rudini nyumbani msubiri, sisi tulirudi, na mtoto alilelewa wiki ya kwanza na mama mkwe wa dada, ambaye mpaka leo anatukumbusha.

Mtoto walitaka kumwita Hidaya, si maana yake zawadi. Mama aligoma, akasema zawadi gani iliyomlaza Nangurukuru.

Mdogo wetu wa mwisho anatarajia mwezi wa nne huu, Mbagala. Mama ameshaondoka tangu Februari, na safari hii kabeba ming'oko mibichi, ataichemshia huko huko.