Kwa nini wakimbie bila kombe?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Katuba, Lubumbashi. Vijana wanaotamani kuvaa jezi ya TP Mazembe ninawaelewa. Lakini kwa nini mtu wa miaka hamsini, asiyetarajia kombe wala mshahara, aamke Jumapili alfajiri kwenda kufanya michezo bustanini?

JIBU: Ndugu msomaji, wengi watakujibu kwamba wanafuata afya, na wana haki, kwa kuwa Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Hata hivyo, naamini afya humtoa mtu nyumbani mara ya kwanza tu. Kinachomrudisha ni kingine. Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan wameeleza kwamba binadamu hudumu katika shughuli inayompa mambo matatu: uhuru wa kuichagua, hisia kwamba anaiweza, na uhusiano na wenzake. Hilo la tatu ndilo lenye uzito zaidi katika mji wetu, ambamo mchimbaji, mwalimu na muuza unga huweza kuishi wiki nzima bila kukutana, kisha Jumapili wakapasiana mpira mmoja bila kuulizana vyeo. Asiyefika huulizwa habari zake, akiugua, hutembelewa.

Ninachosikitikia ni kwamba akina mama wengi hukosa nafasi hiyo, kwa sababu alfajiri ndiyo saa ya kuteka maji na kuandaa watoto. Kundi la mtaani kwenu likiweza kukutana saa kumi jioni, waalikeni.