Mtoto wako haziwezi a e i o u? Anza na daladala

Kuna mama wa Makambako kaniandikia, mtoto wake ana sindromu ya Down kama wa kwangu, hali ya kuzaliwa nayo inayofanya mtoto achelewe kujifunza, anauliza dada ulifanyaje mpaka akasoma? Namjibu hapa hapa maana wengi mnauliza, na sifichi, wiki hii nataka kuringa kidogo.

Jumamosi tuko stendi ya Kabwe hapa Mbeya na mizigo ya sokoni Mwanjelwa, konda anatuvuta tupande, kijana kagoma. Kanyoosha kidole kwenye kioo cha mbele, "Mama, hiyo Mbalizi. Sisi Uyole." Konda kacheka, mimi nikanyamaza, ningefungua mdomo ningelia mbele za watu.

Nyie hamjui nilikotoka. Shule ya kwanza tuliyompeleka niliambiwa, tena mbele ya wazazi wengine, mama huyu mfundishe kufagia na kufua inatosha. Maneno hayo ninayo mpaka leo. Na sheria ya watu wenye ulemavu ipo tangu 2010, kusoma ni haki yake, hatuombi hisani ya mtu.

Sasa ushauri. Ule wimbo wa a e i o u, ma me mi mo mu, alikuwa anauimba vizuri tu na wenzake ila ukimwonyesha herufi haijui. Watoto wengi wa hali hii wanashika kwa macho kuliko kwa masikio, na wengi masikio yenyewe yana shida, kwa hiyo kabla ya yote kampime masikio na macho. Mimi nikakata maboksi nikachukua makapeni nikaandika maneno yake mwenyewe, jina lake, uyole, sukari, chipsi. Neno zima, analitazama, analitaja, basi. Akishalizoea ndo tunalikata, su-ka-ri, halafu tunaisaka hiyo "ka" kwingine, kaka, kabati, kalamu. Hapo ndo silabi zikamwingia. Dakika chache tu kila siku, akichoka funga, usimgombeze.

Kama wako ana mtindio wa ubongo na penseli inamponyoka, izungushie kipande cha tyubu ya baiskeli inenepe. Ikishindikana aonyeshe jibu kwa kidole au hata kwa macho, kuandika sio ndo kujua.

Na wazazi tuache kuwafungia ndani jamani! Mtoto asiyetoka atasoma kibao gani? Akina baba nao, kazi sio kutoa hela ya daftari tu, kaa chini na mwanao.

Hesabu usianzie daftarini. Wangu alikuwa anataja moja mpaka kumi mbio mbio, vitu viko vinne. Chukua maharage, asogeze moja moja kutoka bakuli hili kwenda lile huku anahesabu, akimaliza muulize yako mangapi? Akianza kuhesabu upya bado hajaelewa, rudieni kesho.

Hela anazijua kwa rangi, msimbazi, yaani noti ya elfu kumi, hadanganyiki. Chenji ndo bado. Nimepatana na mama wa duka jirani, anamrudishia pungufu makusudi tuone kama atashtuka. Mara nyingi anapokea anaondoka zake, ila siku akishtuka mtaa mzima unasikia.