Jibu: Mtoto wa miezi 8 anameza dawa ya meno

Habari mama. Umeuliza kama mwanao mwenye meno 2 asuguliwe kwa dawa yenye floridi (madini yanayokinga meno yasioze) ilhali hajui kutema. Ndiyo, asuguliwe, asubuhi na usiku. Cha kuangalia kwanza ni kipimo: kiasi cha punje ya mchele, basi, mpaka afike miaka 3. Akimeza hicho kidogo usiogope.

Wangu nilimlaza mapajani, kichwa kikiegemea tumbo langu, nikainua mdomo wake wa juu kwa kidole. Pale jino linapokutana na ufizi ndipo utando wa maziwa hujificha! Povu linalobaki lifute kwa kitambaa safi. Akishasuguliwa usiku, asilale na chupa ya maziwa. Tyubu weka juu asipofika.