Shedi ngapi kwa mhusika wa pikseli 16 kwa 16?

Umesema shati la mhusika wako wa gemu, uliyemchora kwa pikseli (vidoti vya picha) 16 kwa 16, umelipa shedi nane, yaani viwango nane vya rangi ileile kutoka iliyokolea hadi nyepesi. Hizo ni nyingi mno kaka, ndo maana linaonekana kama limepakwa tope. Shati lenyewe lina pikseli kama 20 hivi, sasa kila shedi inapata mbili tatu, jicho litaona nini hapo? Weka tatu tu, ya kati, ya kivuli na ya mwanga, basi. Game Boy ya 1989, ile mashine ya gemu ya mkononi, ilikuwa na shedi 4 skrini nzima na watu walicheza mpaka betri zikaisha. Ila kivuli usiongeze nyeusi tu, kama shati ni jekundu kivute kidogo kwenye zambarau, na mwanga uende kwenye chungwa. Ukimchora mhusika wa 64 kwa 64 hapo sawa, ongeza ya nne au ya tano.