Penseli apewe nani Kitulo?

Mmeuliza wiki hii: je, mshairi anayependa maumbile lazima aishi karibu na anachokiimba? Ndiyo, lazima. Ila swali linaloniuma zaidi ni hili: nani anaandika siku ileile aliyoyaona?

William Wordsworth (1770–1850) aliishi sehemu kubwa ya maisha yake kaskazini mwa Uingereza, nchi ya milima, maziwa na ukungu kama Rungwe yetu. Tarehe 15 Aprili 1802, upepo ukivuma kwa nguvu, alitembea na mdogo wake Dorothy kando ya ziwa Ullswater. Wakaona maua ya njano machache, kisha mengi, kisha ufuo mzima. Dorothy akayaweka kwenye daftari lake: mengine yamelaza vichwa juu ya mawe kama yamechoka, mengine yanayumba na kucheza. Shairi la kaka lilichapishwa 1807, nalo linaanza kwa kusema alizurura peke yake! Dada hayumo. Mistari miwili ambayo mwenyewe aliiona bora, ile ya jicho la ndani, aliitunga mkewe Mary. Na kazi haikuishia hapo: 1815 aliongeza ubeti, tatu zikawa nne.

Kwa hiyo wewe unayepanda Kitulo, hifadhi ya maua kule juu, kwa barabara ya kona hamsini na saba, nenda wakati wa mvua, Novemba hadi Aprili. Beba penseli, maana juu kule ukungu hulowesha karatasi na wino husambaa. Andika ua linafanya nini, namna unavyojisikia itasubiri. Mizani, yaani silabi, nane kwa nane zije baadaye, nyumbani. Wanaoanza na vina huishia kubadili rangi ya ua ili kina kikae. Na hesabuni vizuri: "Mbeya" ni mizani mbili, na "mto" ni mbili pia, kwa kuwa M yake inasimama peke yake.

Naona "lazima" yangu imelegea. Matembezi ya siku moja na daftari vilizaa shairi lile, basi hata mgeni anaweza. Kinachonizuia kumpa mgeni penseli ni chikanda, chakula cha viazi vya maua ya okidi. Viazi hivyo vinachimbwa na kuvushwa Zambia kuliwa, na okidi iliyong'olewa kiazi haichipui tena. Mgeni atasifu yaliyobaki. Anayejua kwamba pale palijaa ni mtu wa Matamba, jirani ya Kitulo, apitaye kila msimu, na penseli ningempa huyo, hata kama vina vyake havijakaa sawa.