Walijuaje Andromeda iko nje ya galaksi yetu?

Ndugu, umeuliza wanaastronomia walijuaje kwamba Andromeda ni galaksi nyingine, si wingu tu lililomo humu humu kwenye galaksi yetu, yaani kundi kubwa la nyota ambamo Jua letu limo. Jibu ni nyota moja. Oktoba 1923 mwanaastronomia Mmarekani Edwin Hubble aliipiga picha Andromeda kwa darubini ya mita 2.5 pale Mount Wilson, California. Juu ya kioo cha picha aliweka alama ya "N", yaani nova, nyota iliyowaka ghafla. Alipolinganisha na picha za nyuma akakuta inang'aa, inafifia, inang'aa tena. Akaikata ile N, akaandika "VAR!" Ilikuwa sefeidi, yaani nyota ambayo mwanga wake huongezeka na kupungua kwa mzunguko maalumu. Na mwanaastronomia Henrietta Leavitt alishaonyesha mwaka 1912 kwamba sefeidi inayochelewa kupwa na kujaa ndiyo yenye mwanga mkali zaidi. Ukishajua ukali wake halisi, unaulinganisha na unavyoiona, umbali huo hapo. Hubble alipata kama miaka ya nuru 900,000 (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja). Alikosea pakubwa, leo tunasema milioni 2.5, lakini hata hiyo 900,000 ilitosha kuitoa nje ya galaksi yetu.

Hubble kuzipanga galaksi kwa maumbo kulifuata 1926: zenye umbo la yai, spirali (zenye mikono iliyojipinda), spirali zenye upau katikati, na zisizo na umbo maalumu. Mawingu ya Magellan, galaksi mbili ndogo jirani zetu, ambayo ukiwa Mbeya usiku usio na mwezi unayaona kwa macho tu, yaliangukia kundi hilo la mwisho.