Arsenal ikifungwa nalia: je, nimeshirikisha?

SWALI (kutoka Mumias): Asalaam aleikum sheikh. Arsenal ikifungwa sili, na juzi nilitokwa na machozi. Mhadhiri mmoja hapa amesema chozi la mpira ni shirki, maana mapenzi ni ibada. Timu hii nilirithi kwa marehemu baba. Fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya ya 2006 na Barcelona aliniita kibanda cha video, nikaitazama nimekaa mapajani mwake. Je, nipige shahada upya?

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Shahada yako iko palepale.

Huyo mhadhiri amelibeba neno zito kama anabeba unyoya. Shirki ni kumpa kiumbe haki ya Mwenyezi Mungu. Wewe umemsujudia nani? Ikiwa kila kimlizacho mtu ni mungu wake, basi mama aliyelia ng'ombe wake alipokufa naye katoka katika dini! Na masahaba je? Bukhari amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa na ngamia, al-Adhbaa, asiyeshindwa mbio. Akaja bedui na ngamia wake mchanga, akampita. Waislamu wakaumia mpaka Mtume mwenyewe akalitambua. Hakuwaambia wamekufuru. Aliwaambia kuwa ni haki ya Mwenyezi Mungu kwamba hakiinuki kitu cha dunia ila hukishusha. Wameumia kwa mbio za ngamia, na hao ndio masahaba. Anayewakufurisha watu kwa Arsenal ajipime kwanza.

Machozi yako nadhani nayajua yatokako. Usiku ule Barcelona waliposhinda mawili kwa moja kule Paris, wewe ulikuwa na kifua cha baba cha kuegemea. Leo timu ikifungwa, unageuka na nyuma hayupo mtu. Mwombee dua, na zile shilingi unazolipa mlangoni mwa kibanda cha video, wiki moja moja, zitoe sadaka kwa niaba yake. Kisha rudi nyumbani ule. Mkeo akikuwekea sahani ukaisukuma, yeye kakukosea nini?

Kubeti sijadili: ni kamari, na aya ya 90 ya Al-Maida inatosha.

Swala ya magharibi ndiyo inayonitia wasiwasi. Kuanzia mwisho wa Oktoba hadi Machi, mechi za Jumamosi alasiri kule Uingereza huku huanza saa kumi na mbili jioni. Mapumziko huangukia saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano hivi, adhana imetoka au iko njiani. Robo saa inakutosha wudhu na rakaa tatu. (Usiniulize nimehesabuje.)